Walitaka Kuniangalia

Kwetu Usenge, kijiji cha kando ya ziwa, mwanamke haingii mtumbwi wa uvuvi. Nilipouliza kwa nini, nikiwa mdogo, niliambiwa samaki hawapendi. Nikauliza samaki wanajuaje. Nikapigwa kofi. Nilikuwa mtoto wa maswali, na kofi lile halikunitibu, maana nauliza mpaka leo.

Baba yangu alijaliwa mabinti watupu. Alikuwa akivua na mdogo wake, lakini baba mdogo alipata kazi ya reli Kisumu akaondoka, na nyavu za samaki aina ya ngege hazivutwi na mtu mmoja. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyekuwa na urefu na mabega. Basi asubuhi moja baba akanisimamisha ufukoni mbele ya wazee wenye mitumbwi, akasema, "Kuanzia leo huyu ni kijana wangu." Wazee wakanitazama mimi, wakatazama ziwa, mmoja akakohoa, akasema, "Sawa. Kijana wako." Maneno yakaisha hapo. Kuanzia siku ile nikiwa majini nilikuwa kijana, na mguu wangu ukikanyaga mchanga nilikuwa msichana, natwishwa karai la samaki na kuambiwa nifanye haraka mama ananingoja. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wetu, hawakucheka, wala wazee hawakuniita jina la kiume. Hakuna mtu hata mmoja pale ufukoni aliyechanganyikiwa.

Nasema haya mapema kwa sababu kesi yangu ilianzia majini, ingawa niliposhitakiwa nilikuwa nimesimama kwenye nyasi.

Nilipofaulu mtihani wa shule ya msingi nilipelekwa Kisumu, shule ya wasichana, na likizo nikawa narudi mtumbwini. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, Uhuru bado unanukia rangi mpya. Nilikaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyepanga chumba Kondele na kuuza samaki wa kukaanga sokoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, wa kanisani, ambaye hakupenda kelele. Ukimkosea hakupigi. Anakuuliza swali moja, halafu anakaa kimya akingoja jibu, na wewe unaanza kutoa jasho.

Mbio nilianza kwa bahati. Msichana wa darasa letu aliyekuwa akikimbia yadi mia nne na arobaini aliota jipu gotini, na mwalimu wetu wa michezo, mwanamke kijana aliyevaa filimbi shingoni hata akiwa anakula, akatafuta miguu mirefu. Akaiona yangu. Nilikimbia peku, nikashinda, nikatapika, nikaambiwa nirudi kesho. Wacha wee, niliipenda! Mtu aliyevuta nyavu za maji tangu akiwa na miaka kumi na kitu, ukimwambia akimbie kwenye nyasi kavu bila mzigo, anaona ni sikukuu. Sikuipenda kwa sababu ya kushinda tu. Nilipenda ile kona ya pili, pale mapafu yanapokataa na miguu inaendelea yenyewe, nikawa najiuliza ni nani hasa anayekimbia.

Sasa niseme jinsi nilivyokuwa. Sauti yangu ilikuwa nzito. Mwalimu wa darasa akiita majina, mimi nikiitika, aliinua macho. Kifua kilikuwa bado hakijaamka, na sikuwa nimevunja ungo, wakati wenzangu wote darasani walikuwa wameshavunja na kulizungumza jambo hilo kwa maringo kama watu waliokwisha fika Nairobi. Mama mdogo alisema kila mti una msimu wake. Mimi nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini, mpaka ilipofika michezo ya mkoa.

Ilifanyika Kisumu, kwenye uwanja ambao mistari yake ilichorwa kwa chokaa na mbuzi waliikanyaga kila jioni. Alhamisi zilikuwa mbio za mchujo. Nilishinda mchujo wangu, nikawa nazungukazunguka karibu na meza ya wakubwa nikitafuta sweta yangu. Mezani walikaa watatu. Mwenyekiti alikuwa mtu mkubwa wa kofia, mwalimu mkuu wa mahali fulani, mwenye tabia ya kugonga meza kabla ya kusema. Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyesinzia. Wa tatu alikuwa Mhindi mwenye duka mjini, aliyeshika saa ya kupimia mbio, na aliipenda saa ile kuliko wakimbiaji wote.

Akaja mwalimu wa shule nyingine, mtu wa upande wetu, wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Msichana wake alikuwa wa pili nyuma yangu. Akaniashiria kwa kidole, mimi nikiwa pale pale.

"Huyo si msichana," akasema. "Mimi namjua. Anaingia mtumbwi pamoja na baba yake, watu wote wameona. Nyinyi ni watu wa ziwa, mnajua mwanamke haingii mtumbwi. Kama angekuwa mwanamke, yule mzee angeshika samaki? Na anashika! Anashika kuliko wote!"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Hata mzee aliyesinzia akaamka, akatikisa kichwa. Yule Mhindi akauliza, "Sasa samaki ndiyo daktari?" Hakuna aliyecheka, ila mimi nilikaribia.

Nitasema ukweli, hoja ile ilinivutia. Niliigeuza kichwani nikaona imefungwa vizuri kila upande. Wazee wa ufuko walikuwa wamekubali niitwe kijana ili samaki wasikasirike, samaki hawakukasirika, basi mimi ni kijana. Kama ningekuwa nasikiliza habari za mtu mwingine ningepiga makofi. Ala! Lakini mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Mwenyekiti akagonga meza. Akasema amesoma gazetini kwamba huko Ulaya siku hizi wasichana wanaangaliwa kabla ya kukimbia, ili wanaume wasijipenyeze, na sisi hatuwezi kubaki nyuma. Jumamosi asubuhi, kabla ya fainali, ataletwa sista wa hospitali. Ataniangalia ndani ya stoo ya vifaa. Nikikataa, sikimbii, na nisipokimbia, basi kwenye michezo ya taifa Nairobi waende wengine.

"Ataangalia nini?" nikauliza.

"Utajua huko huko."

"Na huyu wa pili, yeye ataangaliwa pia?"

Mwenyekiti akamtazama yule msichana wa mwalimu. Alikuwa mfupi, mweupe wa uso, na nywele zimesukwa vizuri. "Huyu anaonekana," akasema.

Nilitembea kwenda Kondele nikilirudia neno lile. Anaonekana. Mimi pia nilikuwa naonekana, nilikuwa mrefu kuliko wote pale uwanjani.

Usifikiri kilichonitisha ni kuvua nguo tu. Hilo lilinitia hasira, na hasira niliijua. Hofu ilikuwa nyingine. Maisha yangu yote nilikuwa msichana bila kufanya kazi yoyote ya kuwa msichana, kama vile mtu anavyokuwa na masikio. Sasa ulikuwa mtihani, na somo lenyewe sikulijua. Je, wakitafuta kitu wakikikosa? Nitatoka kwenye stoo ile nikiwa nani, na nitarudi kwa mama yangu nikamwambie nini? Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Kuuliza si ujinga, basi Ijumaa nikaamua kuuliza kila mtu.

Nilianza na mwalimu wa sayansi. Wiki ile ile alikuwa ametufundisha ua, sehemu za kiume na sehemu za kike, na alituletea ua la haibiskasi lenye zote mbili. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hili ua ni msichana ama ni mvulana?" Darasa likaanguka kicheko. Akasema, "Hilo ni ua. Kaa chini." Nikasema najua ni ua, nataka kujua maua yenyewe kwa yenyewe yanajuanaje. Akaniambia nitoke nje nikapigwe na upepo.

Mwalimu wangu wa michezo nilimkuta amekwisha lia. Alikuwa amekwenda mezani mara mbili kunitetea na kufukuzwa mara mbili. Nilimuuliza sista ataangalia nini, akasema, "Yale ya kawaida." Nikamuuliza yale ya kawaida ni yapi. Akashika filimbi yake akaitazama. Akasema yeye alisomea historia.

Jioni nilikwenda mferejini na debe langu. Kondele wakati ule mfereji mmoja ulihudumia mistari mingi ya vyumba, na foleni yake ilikuwa ndiyo bunge letu. Habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu, na Waswahili husema lisemwalo lipo. Mama mmoja wa mstari wa pili akaniuliza moja kwa moja, "Wewe, wanasema uko kijana. Ni kweli?"

"Hata mimi nauliza," nikasema. "Mama, msichana anajulikanaje?"

Eh! Foleni ikachangamka. Mmoja akasema msichana ni yule akipita wanaume wananyamaza. Mwenzake akamwambia basi wewe ulikoma kuwa msichana zamani, kwa maana ukipita wanaume wanakimbia. Mwingine akasema mwanamke ni mwenye kuzaa, halafu akakumbuka jirani yake aliyesimama pale pale, ambaye hakujaliwa mtoto, akaziba mdomo. Kisha mama mzee kabisa, aliyekuwa akiuza mboga, akainua kidevu chake kwenye mwanga. "Njoo hapa nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Gusa." Nikagusa. Zilikuwa ndevu, chache, nyeupe, ngumu. "Hizi nilianza kuota nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa. Baba yake watoto alikuwa ananinyoa mwenyewe. Na hakuna siku hata moja mtu aliniita baba."

Tulicheka mpaka debe langu likafurika. Nilirudi nyumbani na maji mengi na bila jibu.

Mama mdogo alikuwa akikaanga samaki wa kesho. Nikamweleza yote tangu mwanzo, maana Alhamisi nilikuwa nimemficha. Alinisikiliza bila kugeuka. Nikamuuliza kwa nini tusimpelekee baba ujumbe aje aseme mbele ya meza kwamba mimi ni binti yake, yaishe.

"Baba yako akisema hivyo mbele ya watu," akasema, "wale wazee watasema nini? Kwamba miaka yote hii walikuwa na mwanamke mtumbwini? Wanajua. Lakini kujua si kusikia. Wakisikia, mtumbwi utalala juu ya mchanga, na mama yako atapika nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikakaa kwenye mkeka. Nilijiona nimefungwa pande mbili, na kwa mara ya kwanza nikalia, kilio kibaya cha sauti nzito, na hata katikati ya kilio nikasikia jinsi sauti ile ilivyo nzito nikazidi kulia.

Aliningoja nimalize. Kisha akauliza, "Mkubwa wa hiyo meza ni nani?"

Nikamweleza. Mtu wa kofia, mwenye kugonga meza. Akaepua sufuria akaiweka chini.

"Yule?" akasema. "Mbona hukuniambia ni yule?"

Hapa inabidi nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatajiani mambo ya mwili. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Na mama mkwe si yule tu aliyemzaa mke wako, ni dada zake pia, na binamu zake, umri hauangaliwi. Mwenyekiti alikuwa amemwoa binti wa mwanamke ambaye kwa ukoo ni dada yake mama mdogo. Basi mama mdogo, ambaye mwenyekiti angeweza kumzaa, alikuwa mama mkwe wake. Mara kadhaa nilikuwa nimemwona mama mdogo sokoni akigeuka ghafla na kuzama katikati ya wauza nguo, na nilidhani anamkimbia mtu wa kodi. Kumbe alikuwa anampisha mkwe.

Jumamosi alivaa gauni lake la Komunyo na kitambaa cha kichwa. Njiani alitangulia mbele. Nilimuuliza kama anakwenda kumtukana. Akasema mtu hamtukani mkwe wake. Nilimuuliza basi anakwenda kufanya nini. Akasema, "Wewe si ulikuwa unauliza? Na mimi nakwenda kuuliza."

Sista alikuwa amekwisha fika, amesimama mlangoni pa stoo na beseni ya maji na taulo. Alionekana mtu mwema ambaye angependa kuwa mahali pengine. Nilipita karibu naye nikamwuliza polepole, "Sista, utaangalia nini?" Akanijibu polepole vile vile, "Hawajaniambia. Wamesema niangalie."

Mama mdogo akatembea moja kwa moja mpaka mezani. Mwenyekiti alipomwona akasimama, kofia ikatoka kichwani yenyewe, macho yakashuka kwenye nyasi. Yule mwalimu aliyenishitaki, naye mtu wa kwetu, akageuza mgongo kwa heshima. Mama mdogo alikuwa amevuka mstari ambao mwanamke wa makamo yake havuki.

"Baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayesalimia kanisani, "sikuja kugombana. Huyu mtoto ni wa dada yangu, ni wangu. Ni dada ya mke wako. Nimesikia unataka aangaliwe. Sasa mimi mama yako nauliza. Ni nini hiyo inatakiwa kuangaliwa? Taja tu. Ukitaja, mimi mwenyewe nampeleka kwa sista."

Kisha akakaa kimya akingoja.

Nilikwisha eleza kimya chake kilivyokuwa. Mwenyekiti aliweka kofia mezani. Alitoa kitambaa akajifuta shingo. Yule Mhindi, ambaye mila zetu hazikumhusu, akasogeza kiti mbele akasema hata yeye angependa kujua. Mzee aliyesinzia alikuwa macho kabisa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau kwamba mtu mwenyewe ni mimi, nimeinama mbele nisikie jibu. Nilidhani hatimaye litatajwa.

"Mama," akasema mwisho, akiongea na nyasi, "hii mambo si ya kuongea mbele yako."

"Kama si ya kuongea mbele yangu, ni ya kufanyiwa mtoto wangu namna gani?"

Hapo alichoka. Akasema, "Mwacheni akimbie," akaondoka mezani kwa upande ule mwingine, bila kofia. Sista akamwaga maji yake kwenye nyasi.

Nikakimbia. Na baada ya kelele zote zile unajua nilikuwa wa ngapi? Wa pili! Yule msichana mfupi wa yule mwalimu alinipita hatua chache kabla ya uzi, nywele zake zimesukwa vile vile. Mwalimu wake alirukaruka kwa furaha, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kuhusu samaki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Waliopelekwa Nairobi walikuwa wa kwanza tu, basi nikarudi Kondele.

Mama mdogo hakubaki kutazama. Kwa muda mrefu baadaye wanawake wa kwetu pale sokoni walimnong'ona kwamba alimwaibisha mkwe, na mwenyekiti ilimbidi atume kuku kwa mkono wa mkewe kuondoa lile jambo. Tulimla kuku yule. Mama mdogo alikula kidogo. "Nimekula aibu kwa ajili yako," akaniambia, "na sitakula nyingine."

Mwaka uliofuata mwili wangu ulikuwa umeamua mambo yake bila kumuuliza mtu, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Michezo ya mkoa ilifanyika pale pale, meza ile ile, kofia ile ile. Katika mchujo nilipangwa na msichana aliyeletwa kwa lori kutoka milima ya Kisii. Hakuwa mrefu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kabisa. Lakini alipotupita kwenye kona ya pili ilikuwa kama vile sisi wengine tumesimama kununua njugu. Sijaona mtu akikimbia vile tena. Nilifurahi, nakuambia, ingawa ni mimi niliyekuwa napitwa, kwa sababu nilitaka kuona mguu wake unatua namna gani.

Safari hii hakukuwa na samaki. Walisema tu anakimbia sana. Msichana gani anakimbia hivyo? Mwenyekiti akagonga meza. Jumamosi asubuhi, sista, stoo.

Nilikwenda mezani mwenyewe, mwalimu wangu wa michezo akiwa nyuma yangu na filimbi yake. Nikamwambia mwenyekiti, kwa heshima yote, kwamba mwaka jana waliacha. Hakunikasirikia. Alinitazama kama shemeji yake, karibu atabasamu.

"Mwaka jana ilikuwa mambo ya nyumbani," akasema. "Hii ni sheria."

Nikamkimbilia mama mdogo sokoni. Nilimsihi. Nilimwambia swali ni lile lile, aje tu aliulize tena. Aligeuza samaki kwenye mafuta, na niliona limemuuma.

"Nitasimama pale kama nani?" akaniuliza. "Swali lile halikumshinda kwa sababu ni gumu. Lilimshinda kwa sababu nililiuliza mimi, na kwa ajili yako. Huyo mtoto si wangu. Yule bwana ataniambia, Mama, rudi nyumbani, na atakuwa na haki."

Jumamosi yule msichana aliingia stoo na sista, mlango ukafungwa. Shangazi wala mama hakuwa naye. Mwalimu wake, mwanamume, alisimama mbali akitazama miti, na mtu mmoja karibu yangu akasema mficha uchi hazai, kama ana ukweli anaogopa nini. Nilimgeukia nikamwambia basi aanze yeye, mbele yetu sote. Akasonya akaenda zake. Haikuchukua muda. Mlango ukafunguliwa, sista akaenda mezani akasema neno moja, na mtu wa kipaza sauti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akadhani anamfanyia wema. Akatangaza uwanja mzima kwamba msichana kutoka Kisii ameangaliwa, ni msichana kweli kweli, anaruhusiwa kukimbia.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo mzuri, kwa muda mrefu.

Fainali ilipoitwa hakuja. Wakaita tena kwa kipaza sauti. Mstari wake ulikuwa wa pembeni yangu, na nilipoinama kungojea bastola niliona chokaa yake haijakanyagwa. Nilishinda. Nairobi nilikwenda, nikatolewa mapema, na hayo si ya kusimulia.

Nilimkuta nyuma ya uwanja, amekaa juu ya mzigo wake akingojea lori. Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta, na jua lile la Kisumu. Nikakaa kando yake. Sasa fikiria. Kwa mwaka mzima nilikuwa na swali langu, nimelipeleka kwa walimu, mferejini, mezani, kwa sista, na hatimaye nimekaa na mtu mmoja anayejua jibu. Lilikuwa mdomoni. Nikamtazama jinsi alivyoshika mikono ya sweta kwa ndani, na sikuuliza. Nilimpa maji ya chupa yangu.

Alikunywa, kisha yeye ndiye aliyeuliza. "Wewe ndiye yule wa mwaka jana?"

"Ndiyo."

"Wewe walikuangalia muda mrefu?"

"Hawakuniangalia."

Akageuka. "Kwa nini?"

Nikamweleza habari za mwenyekiti na mama mdogo, na mila ya mkwe, jinsi isivyowezekana kutaja mambo yale mbele ya mama mkwe. Alisikiliza kwa makini, akinirudisha nyuma pale ambapo hakuelewa, kama mtu anayeelekezwa njia. Aliuliza kama wao walisema mimi ni msichana. Nikasema hapana, hawakusema chochote, waliniacha tu. Lori likaonekana likikata kona. Akasimama, akajitwika mzigo.

"Mama yangu ni mkali kuliko huyo wako," akasema. "Lakini hapa hakuna mtu aliyeoa kwetu."